Paka wa Mama Mkwe na Mzani wa Watoto

Mpaka leo, mtu akiniambia kwa furaha kwamba amepungua kilo mbili, mimi humtazama macho kwanza kabla sijampa hongera. Kazi yangu ni kupima watoto katika zahanati moja hapa Kasese, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna kitu ambacho mshale wa mzani unaweza kunificha. Nilijidanganya. Kwa mzani huohuo nilikaribia kumuua paka wa mama mkwe wangu, na yule paka ndiye kiumbe pekee aliyetoka naye akiwa hai upande wa pili.

Upande wa pili ni Kongo. Mama mkwe anaishi Bwera, nyuma ya barabara inayoteremka mpakani, na anauza mawese na vitenge. Alivuka akikimbia vita kutoka pande za Beni asubuhi moja, miaka mingi sasa, akiwa na godoro kichwani na kikapu cha unga wa muhogo mkononi, na ndani ya kikapu, juu ya unga, mtoto wa paka. Mumewe alikuwa nyuma yake. Alirudi mara moja kuwafungulia mbuzi kamba, wasife zizini, na hakuonekana tena. Mwana wao, ambaye ndiye mume wangu, alikuwa tayari huku, akifanya kazi kwenye kiwanda cha saruji cha Hima.

Kwa hiyo nyumba ya Bwera mlango wake hufungwa, mchana kweupe, jua likiwaka. Yule paka hajawahi kukanyaga nyasi. Nilipokuwa bado bibi harusi mgeni nilimuuliza mama kwa nini hamwachii akatembea uani kama paka wengine, akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anavaa nguo.

"Wenye walitoka kwa mulango yangu, hawakurudi," alisema, kisha akaniongezea chai.

Basi nikanyamaza, na kunyamaza si kipaji changu. Baba yangu alikuwa Mkenya aliyekuja huku kuchimba shaba, na mbali na Kiswahili chake alinirithisha mdomo. Mume wangu husema nikiona kosa siwezi kulala nalo chumba kimoja.

Kosa hili lilikuwa na manyoya. Siku moja kabla ya Krismasi nilimwona yule paka akijaribu kupanda benchi. Miguu ya mbele ilifika, ya nyuma ikakataa, akaanguka chali na kubaki hivyo, tumbo limemwagika huku na huku, akihema kwa sauti niliyoisikia nikiwa jikoni. Mgongoni alikuwa amejaa mba kwa sababu ulimi wake haukufika huko tena. Mama alimnyanyua kwa mikono miwili, akamweka kwenye benchi, akamwambia, "Pole, shefu yangu," maana shefu, yaani mkubwa, ndivyo alivyomwita, na mambo yakaishia hapo. Kwangu hayakuishia hapo. Nilimsikiliza akihema nikaona wazi kwamba huyu atakufa, na mama atabaki peke yake na ule mlango.

Kunenepa kwake hakukuwa siri. Wafanyabiashara kutoka Butembo na Beni hulala kwa mama siku ya kuamkia soko, wanawake watano, wakati mwingine saba, na kwao mtu hali mbele ya macho yanayomtazama bila kuyapa kitu. Paka alilijua hilo. Alikuwa anakaa katikati ya mkeka na kumtazama mmojammoja. Huyu anampa tonge la ugali wa muhogo, huyu kichwa cha samaki, huyu anachovya kidole kwenye mchuzi. Na juu ya hayo yote mama mwenyewe alimlisha mara sita kwa siku. Kwa mama, unene ulikuwa amani. Kule alikotoka, kitu cha kwanza kukonda nyumbani ni paka na mbwa, halafu watoto, halafu watu wanafunga mizigo.

Mwezi wa kwanza nilikwenda kwa daktari wa mifugo hapa mjini na picha ya paka kwenye simu. Ni mtu wa ng'ombe na mbuzi, mikono yake imejaa makovu ya pembe. Aliitazama picha akacheka mpaka akafuta macho.

"Madamu, hii si paka, hii ni ndama." Kisha akaacha kucheka. "Sasa sikia. Punguza chakula polepole. Hiyo ugali na mafuta, acha. Mpe samaki ya kuchemsha, toa miiba, pima kwa kikombe, asubuhi na jioni. Ficha vipande hapa na pale ndani ya nyumba, itembee kutafuta. Ikipungua gramu mia kwa wiki, hiyo iko sawa. Ikipungua zaidi ya hapo, mmekosea. Na usiache paka munene ikae bila kula. Siku moja tu ikikataa chakula, nipigie. Mafuta yote inakimbilia kwa ini, ini inajaa, inashindwa kazi. Inakufa, madamu. Umesikia? Lazima ikule kila siku."

Niliyaandika yote kwenye daftari. Lakini kwa mama nilifikisha nusu.

Nieleze kwa nini, maana nimejiuliza mara nyingi. Mke wa mwana hampi mama mkwe amri. Unayapitisha maneno kwa mtu mwingine, na unayafanya mafupi, yasifanane na somo. Kwa hiyo nilisema tu, "Mama, daktari amesema shefu apunguze. Samaki wa kuchemsha, kikombe hiki, mara mbili." Ile nusu ya pili, kwamba asikae na njaa, niliiacha ndani ya daftari. Ilinichekesha kwa kweli. Ni nani angemwambia mwanamke anayelisha paka mara sita kwa siku kwamba asimfishe kwa njaa?

Zahanati ilikuwa na mzani wa zamani wa kuning'iniza, ule wenye uso wa duara na suruali ya turubai ambayo mtoto huingizwa miguu halafu ananing'inia akilia. Tulikuwa tumeletewa mpya, basi nikaomba ule wa zamani, nikaruhusiwa. Kila Jumamosi nilikwenda nao Bwera, nikautundika kwenye boriti ya sebuleni, nikamvalisha paka suruali. Miguu ya nyuma kwenye matundu, mkia umetoka pembeni, uso umevimba kwa hasira. Alinichana mikono yote miwili. Mume wangu alipoona picha alicheka kwa dakika nzima. Mama siku ile ya kwanza aligeuza uso ukutani na mabega yake yakatikisika, nami nikadhani anacheka pia. Baadaye mume wangu aliniambia kwamba kwenye kambi mama alikopokelewa alipovuka, watoto wa wakimbizi walipimwa kwa mzani wa namna hiyo, na si wote waliopimwa mara ya pili.

Paka alikuwa na kilo nane na vistari viwili. Wiki ya pili, palepale. Wiki ya tatu, palepale. Nilimfungia kitambaa kwenye uzi nikamvutia sakafuni ili akimbie, akakitazama tu kama mteja asiye na haja ya kununua. Wiki ya nne akawa ameongezeka kistari kimoja.

Jumamosi hiyo wageni wawili walikuwa bado hawajaondoka, wanakula. Nilimgeuza paka uso, nikaona ndevu zake nyekundu kwa mawese, na mdomo wa baba yangu ukanitoka.

"Mama, huyu paka mnamuua! Mnamuua kwa mkono wenu, halafu mtakaa hapa mlie!"

Mmoja wa wale wanawake alishusha tonge lake sahanini. Mama alimchukua paka, akamfuta mdomo kwa pindo la kitenge chake, taratibu, upande mmoja halafu wa pili, akaingia naye chumbani. Nikafungasha mzani wangu nikarudi Kasese nikiwa na hasira bado, nikijiambia ukweli ni ukweli. Mume wangu alipotoka kazini aliniuliza swali moja tu.

"Umemwambia mama yangu kwamba anaua?"

Nilipaswa kupanda gari asubuhi yake nikaombe radhi. Sikwenda. Niliona aibu, na aibu yangu siku zote hujifanya shughuli nyingi.

Jumatano iliyofuata ilikuwa Jumatano ya Majivu, Kwaresima ikaanza. Mimi si Mkatoliki, mambo ya kufunga kwao huwa sifuatilii. Nilijua tu kwamba mama hula mara moja jioni mpaka Pasaka, na kwamba Ijumaa ni maji tu.

Jumamosi nilipofika nyumba ilikuwa kimya. Wageni walikula uani, mlango umefungwa nyuma yao, na mama mwenyewe ndiye aliyewatoa. Nilimtundika paka. Mshale ukaniambia amepungua nusu kilo. Niligonga kioo kwa kidole nikidhani umekwama.

"Vizuri sana, mama!" nilisema, kwa ile sauti ninayowapa akina mama zahanati mtoto akiongezeka. "Vizuri sana!"

Niliandika kwenye daftari. Maneno ya daktari, gramu mia, yalikuwa ukurasa wa nyuma yake, nami niliufunua ukurasa huo kwa mkono wangu ili nipate nafasi ya kuandika nusu kilo.

Jumamosi ya pili paka alikuwa amelala nyuma ya madumu ya mawese. Kwenye sahani yake kulikuwa na samaki aliyekauka, nzi juu. Nilipomnyanyua kichwa chake kilining'inia kidogo. Nilimvalisha suruali naye hakunichana, hata kucha hakutoa, alining'inia pale akitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mtu wa kazi yangu anapaswa kumwogopa mtoto asiyelia kwenye mzani. Ndilo jambo la kwanza tunalofundishwa. Mimi nilitazama mshale. Gramu mia saba! Nilipiga makofi, nikamkumbatia mama, nikamwambia hongera, nikamwambia hakuna mtu mwingine ambaye angeweza, nikampiga paka picha nikamtumia mume wangu. Mama alitabasamu. Ana pengo upande wa kushoto ambalo nilikuwa silijui, kwa sababu katika miaka yote ile hakuwa amenitabasamia hivyo.

Siku nne baadaye alinipigia simu saa nne asubuhi, nikiwa na foleni ya watoto mlangoni.

"Mwana, shefu anatosha mate, inadondoka tu. Hata maji anakataa."

"Tangu lini hali?"

"Tangu siku ingine."

"Siku gani, mama?"

Alikata simu, au ilikatika. Nilivua koti la kazi nikamwachia mwenzangu foleni. Wingu lilikuwa limeshuka mlimani mpaka kwenye mabati ya mji. Pale Kikorongo lori lilikuwa limelala kukingama njia, tukasimama karibu saa nzima huku upepo ukipiga nyasi za mbuga kutoka pande zote, na mimi nikihesabu siku kwa vidole: Jumamosi hakula, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Nilihesabu upya nikitumaini nimekosea. Sikuwa nimekosea, isipokuwa kwamba nilipaswa kuanzia mapema zaidi.

Mama alikuwa amekaa sakafuni na paka mapajani. Nilifunua sikio lake kwa ndani. Lilikuwa la njano. Fizi zilikuwa za njano. Rangi hiyo naijua, naiona kwa watoto wachanga.

"Mama, alikuwa anakula nini?"

"Magaribi, kijiko moja. Ijumaa, maji tu." Hakuniangalia. "Ulisema mimi naua. Nikafunga pamoja na yeye, tupate neema. Sasa nilimupatia samaki, nikamupatia maziwa, yeye mwenyewe anakataa."

Tulimfunga kwenye kitenge tukampeleka Kasese. Mama alipotoka mlangoni na paka mikononi alisimama kizingitini kwa muda, nikaona midomo yake ikisali, halafu akatoka.

Daktari alimgusa ini, akamvuta ngozi ya shingo, akanigeukia mimi.

"Nilikuambia nini, madamu? Hapa hapa. Sikusema ikikataa siku moja unipigie? Sikusema mafuta inakimbilia kwa ini?"

"Ulisema," nikajibu.

Mama alikuwa kando yangu, ananisikia. Sikuthubutu kumtazama. Nilikuwa nimemficha nusu ya maneno na sasa nusu hiyo ilikuwa mezani, ya njano, inahema kidogo kidogo.

Daktari alimtundikia maji, akatupa bomba la sindano lisilo na ncha. Samaki asagwe na maji mpaka awe uji, alishwe kidogokidogo pembeni mwa mdomo, kila baada ya saa tatu, bila kukosa. Asije akapaliwa. Akitapika, tuanze upya. Hakutuahidi kitu. "Zingine zinapona," alisema, akaenda kunawa mikono.

Mama alihamia kwangu. Alitandika mkeka sebuleni, akafunga mlango wa mbele, na kuanzia siku hiyo nyumba yangu ikawa na giza mchana. Tulimlisha wote wawili. Yeye alimshika, mimi nikasukuma bomba. Nikienda kazini, yeye peke yake. Hatukuzungumza zaidi ya yale ya lazima: lete maji, shika hapa, ametapika. Siku ya tano paka aliacha kugeuza kichwa hata nikipita karibu. Siku ya sita makorongo wawili, wale ndege wala mizoga, walitua juu ya paa letu na kutembea juu ya mabati asubuhi nzima, na mama alitoka na fimbo, yeye aliyeufunga mlango, akawafukuza kwa matusi ya Kinande ambayo mume wangu alikataa kunitafsiria. Kila niliporudi kutoka kazini nilisimama kwanza nje, nikisikiliza kama kuna kilio. Niliogopa ule mlango wangu mwenyewe. Nilijua kwamba akifa, mama atarudi Bwera bila kuniambia neno baya, na hatanisamehe, wala mimi sitajisamehe.

Siku ya kumi na mbili nilirudi kula chakula cha mchana. Mama alikuwa jikoni akitoa miiba kwenye samaki wa ngege, paka miguuni pake juu ya gunia. Kipande kilimdondoka. Paka alinyoosha shingo, akanusa, akanusa tena, akakilamba. Kisha akakila. Alitafuna taratibu, kichwa upande, kwa kelele, na alipomaliza akatazama juu.

Niliketi chini palepale na sare yangu ya kazi nikalia kwa sauti. Mama alimdondoshea kipande kingine, kidogo kama ukucha.

"Nisamehe, mama," nilisema. "Daktari aliniambia mapema kwamba asikae na njaa. Nilijua, nikakuficha."

Aliendelea kutoa miiba. "Hata mimi nilijua."

Sikumwelewa. Nikadhani anataka kunipunguzia mzigo.

"Ile siku ulipiga makofi," alisema, "mimi nilikuwa nimekwisha kujua. Njaa naijua, mwana. Niliiona kwa watoto kule porini. Inaanza kwa macho, halafu mutoto anaacha kulia. Nilimuangalia shefu nikasema, huyu anakufa."

"Sasa kwa nini hukuniambia?"

Alifuta vidole kwa kitenge, kimoja kimoja.

"Tangu uliolewa na mutoto yangu, haujaniambia hata siku moja kama nimefanya muzuri. Ile Jumamosi ya kwanza uliniambia. Ya pili uliniambia tena, ukanikumbatia." Akainama kumtazama paka. "Nikasema, ningoje kidogo. Nilitaka kusikia tena Jumamosi ingine."